Kufungasha kwa Safari ya Visiwa vya Ugiriki: Uulize Upepo Kwanza

Mtu aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa kwamba mwaka hugawanywa na upepo. Kaskazi ikivuma anajua kuwa miezi ya joto imefika. Kusi ikishika anajua kuwa bahari imechafuka, kwamba mashua ndogo zitakaa ufukweni na kwamba alfajiri za Julai zitataka shuka zito kidogo. La kushangaza ni kuwa mtu huyohuyo akikata tiketi ya kwenda Santorini au Mykonos huiacha elimu hiyo nyumbani. Hutazama picha za nyumba nyeupe chini ya anga la buluu, hujaza sanduku nguo za kupigia picha, na siku ya pili hujikuta kofia imeruka, macho yamejaa vumbi na meli ya kesho yake imezuiwa bandarini. Mwongozo huu unaanza na upepo, unakwenda kwenye joto, kisha mvua, kwa sababu katika Bahari ya Aegean, iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, huo ndio uzito wa mambo, na sanduku linafungwa baadaye.

Hatua ya kwanza: Chagua mwezi kwa kalenda ya upepo

Upepo mkuu wa Aegean huitwa meltemi. Hutoka kaskazini, huanza kwa vipindi vifupi kati ya Mei na Juni, hushika nguvu Julai na Agosti, na hulegea kadiri Septemba inavyosonga. Wagiriki wa kale waliuita kwa neno lenye maana ya pepo za kila mwaka, kwa kuwa haukuwahi kukosa zamu yake. Chanzo chake kinamhusu Mswahili kuliko anavyodhani. Katika miezi hiyo ardhi ya Asia Kusini hupata joto kali na kufanya eneo kubwa la mgandamizo mdogo wa hewa, na eneo hilo ndilo linalovuta kusi kupita kwetu kuelekea Bara Hindi. Mkono wake wa magharibi hufika hadi Uturuki, na hapo hukutana na mgandamizo mkubwa uliokaa juu ya nchi za Balkani, ndipo hewa husukumwa kushuka Aegean kwa kasi. Kusi ya Zanzibar na meltemi ya kisiwa cha Naxos, kwa hiyo, ni ndugu wa baba mmoja, ingawa huyu hutokea kusini na yule kaskazini.

Kinachomponza mgeni ni kwamba meltemi huja na anga safi kabisa. Hakuna wingu wala ngurumo ya kumwonya. Anachungulia dirishani, anaona jua, na anadhani nje kumetulia. Mara nyingi upepo huanza kupanda asubuhi jua likishapaa, huwa mkali alasiri na hupoa magharibi, lakini kikija kipindi kibaya huweza kuvuma usiku na mchana kwa siku tatu, nne, hata wiki. Wagiriki huupima kwa kipimo cha Beaufort, na msafiri atafaidika akijifunza namba mbili tu. Namba 6 ni upepo wa kilomita 39 hadi 49 kwa saa, ambao hurusha mchanga ukachoma miguu na kuufanya mwavuli wa ufukweni kuwa hatari kwa jirani. Namba 8 ni kilomita 62 hadi 74 kwa saa, na kwa kawaida hapo mamlaka za bandari huzuia meli za abiria zisiondoke. Boti ndogo na zile ziendazo kasi huzuiwa kabla ya kufika huko.

Mwezi wa Aprili na nusu ya kwanza ya Mei ni wakati wa maua ya porini na vilima vya kijani, ambavyo ifikapo Julai vitakuwa vimegeuka rangi ya majani makavu. Mchana huwa na nyuzi 19 hadi 22, usiku hushuka hadi 12 au 13, na maji ya bahari hayazidi sana nyuzi 17. Aliyezoea kuoga Nungwi au Diani, ambako bahari ni nadra kushuka chini ya nyuzi 25, ataingia hadi magotini na kutoka. Huu pia ndio msimu wa upepo wa kusini unaobeba vumbi la Sahara. Aprili 2024 anga la Athens liligeuka rangi ya chungwa kwa sababu hiyo, na mwenye pumu anapaswa kulikumbuka jambo hili anapopanga dawa. Pasaka ya Waorthodoksi, ambayo ndiyo sikukuu kuu kuliko zote nchini humo, huhama kila mwaka: mwaka 2026 ni tarehe 12 Aprili na mwaka 2027 ni tarehe 2 Mei. Anayetaka kuiona aweke nafasi mapema, na asiyeitaka aikwepe, kwa sababu meli hujaa watu wanaorudi kwao.

Kama ningeulizwa mwezi mmoja tu, ningesema Juni, hasa nusu yake ya kwanza, na wa pili ningetaja Septemba. Juni mchana huwa na nyuzi 25 hadi 28 katika visiwa vya kati, mvua ni kama hakuna, na meltemi bado haijakaza. Septemba bahari ina joto iliyolihifadhi tangu Agosti, yaani nyuzi 23 hadi 25 kutegemea kisiwa, na umati umepungua. Mwishoni mwa Septemba na kuendelea Oktoba dhoruba za kwanza huweza kuja, hasa upande wa magharibi; Septemba 2020 kimbunga kilichopewa jina la Ianos kilipiga visiwa vya Kefalonia, Ithaca na Zakynthos na kuleta mafuriko. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanakumbuka kwamba Paulo alionya kuhusu kuendelea na safari akiwa Bandari Nzuri, kusini mwa kisiwa cha Krete, wakati siku za kufunga, ambazo huangukia msimu huu, zilikuwa zimekwisha kupita, kabla ya ule upepo wa Eurakilo kuikamata merikebu. Mabaharia wa leo wangemwelewa bila kufafanuliwa.

Julai na Agosti ni miezi ya wale wanaofungwa na likizo za shule. Inawezekana kuifurahia, lakini bei hupanda, kivuli huadimika, na tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria, nusu ya nchi huwa safarini. Kisiwa cha Tinos hupokea mahujaji wengi siku hiyo hata kitanda cha akiba hakipatikani. Kuanzia Novemba hadi Machi ni mvua, upepo usiotabirika, mchana wa nyuzi 14 au 15, hoteli na mikahawa mingi iliyofungwa, na ratiba za meli zilizopunguzwa. Hata hivyo katikati ya baridi hiyo, kati ya Desemba na Februari, hutokea siku kadhaa za jua na bahari tulivu ambazo Wagiriki huziita siku za mdiria, kwa kufuata hadithi ya kale kwamba ndege huyo alipewa utulivu ili aatamie mayai yake.

Jambo moja la saa linafaa kuwekwa hapa. Wakati wa kiangazi saa za Ugiriki ni sawasawa na za Nairobi na Dar es Salaam, maana kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao husogeza saa zao mbele. Jua, lakini, halifuati desturi yetu: mwishoni mwa Juni huzama saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Anayeswali atakuta Magharibi inaingia wakati ambao nyumbani tayari ameshakula, na asiyeswali atasahau kwamba jua la saa kumi na moja jioni bado ni la kuunguza.

Hatua ya pili: Tambua kisiwa chako kiko upande gani

Kusema "naenda Ugiriki" hakutoshi kwa mtu anayefungasha, kama ambavyo kusema "naenda Tanzania" hakumwambii mtu kama abebe kandambili za Bagamoyo au koti la Njombe. Visiwa vya Cyclades, ambavyo ndani yake mna Santorini, Mykonos, Naxos, Paros, Milos na Tinos, viko katikati ya njia ya meltemi. Ni vikavu, miti ni michache, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400, na joto la Agosti ni la nyuzi 28 au 29 tu kwa sababu upepo huo huo unaosumbua ndio unaopoza. Kanuni ya kule ni rahisi: meltemi ikivuma, nenda ufukwe wa kusini mwa kisiwa, kwa kuwa vilima vinakukinga.

Upande wa magharibi, katika Bahari ya Ionia, kuna Corfu, Kefalonia, Lefkada na Zakynthos. Huko ni kijani, hewa ina unyevu, na upepo wa kiangazi ni mwanana, ukitoka kaskazini-magharibi mchana. Corfu hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kisichotofautiana sana na cha Dar es Salaam, ila karibu yote hunyesha kati ya Oktoba na Machi. Anayekwenda Corfu mwezi Oktoba abebe koti la mvua kwa dhati. Anayekwenda Santorini mwezi Julai akilibeba atalirudisha likiwa limekunjwa vilevile.

Rhodes na majirani zake wa Dodecanese, karibu na Uturuki, hupata joto zaidi, nyuzi 30 na kitu kwa wiki mfululizo, na maji yao hubaki ya kuogeka hadi Oktoba. Krete ni habari ya peke yake: kina urefu wa takriban kilomita 260, na kilele chake kirefu kuliko vyote, Psiloritis, kina mita 2,456, kwa hiyo Aprili mtu anaweza kukaa ufukweni akiwa amevaa fulana huku akitazama theluji. Anayekusudia kushuka bonde la Samaria, ambalo hufunguliwa kuanzia Mei hadi Oktoba na lina mwendo wa kilomita 16, huanzia kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,200, na asubuhi ya pale juu huhitaji sweta hata kama chini watu wanatokwa jasho.

Hatua ya tatu: Hati kabla ya nguo

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya kundi la nchi za Ulaya ambalo Ugiriki imo. Ombi huweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe hadi chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima iweze kulipa matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Ndugu zetu wanaoishi Uingereza, Omani au nchi nyingine za Ghuba kwa kibali cha ukaazi wasidhani kibali hicho kinatosha, kwani hakiondoi hitaji la viza; wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Uholanzi, ndio wanaoweza kuingia kwa ziara fupi bila viza nyingine. Weka nakala ya karatasi katika sanduku na nyingine katika simu.

Hatua ya nne: Chagua begi ambalo mkono wako mmoja utaliinua

Kabla ya kununua sanduku kubwa la magurudumu manne, jaribu kulipandisha ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika. Visiwa hivi vimejengwa juu ya miteremko, vijiji vyake vikuu vina vichochoro ambavyo gari haliingii, na mawe ya njiani hayana urafiki na magurudumu madogo. Bandari ya zamani ya Fira, Santorini, imeunganishwa na mji kwa ngazi zaidi ya 500, na ingawa kuna gari la kamba, foleni yake huwa ndefu meli za watalii zinapotia nanga.

Meli yenyewe inadai begi jepesi pia. Inapokaribia kisiwa, abiria hushushwa hadi sitaha ya magari, mahali penye giza, harufu ya dizeli na injini za malori zinazonguruma, na kila mtu husimama akishikilia mzigo wake akitazama mlango mkubwa wa nyuma. Mlango ukishuka, mwanga huingia ghafla, wafanyakazi hupiga kelele, na kwa dakika chache wanaoshuka na wanaopanda hupishana kwenye ubao uleule unaoyumba. Hapo hakuna nafasi ya mtu mwenye masanduku mawili na mfuko wa plastiki. Begi la mgongoni au sanduku dogo lenye kilo 10 hadi 12 linatosha kwa siku kumi, na sababu nitaieleza sasa hivi.

Hatua ya tano: Nguo

Hewa ya Aegean wakati wa kiangazi ni kavu na ina mwendo. Nguo iliyofuliwa jioni na kuanikwa kibarazani hukauka kabla ya kulala, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba mavazi ya kila siku ya safari. Kwa Juni hadi Septemba nashauri fulana au blauzi nne za pamba au kitani, suruali mbili nyepesi ambazo moja iwe ndefu, kaptura au sketi moja, nguo mbili za kuogelea ili moja ivaliwe nyingine ikikauka, shati moja la mikono mirefu kwa ajili ya jua, sweta moja, na koti jepesi la kuzuia upepo. Koti hilo ndilo watu hulidharau. Wanasema nyuzi 29 si baridi, na ni kweli, lakini nyuzi 22 za usiku juu ya sitaha ya meli, na upepo wa namba 6 ukipita kwenye shati lililolowa jasho, humfanya mtu wa Tanga atetemeke kama aliyelala Lushoto bila blanketi. Ndani ya meli nako kiyoyozi huwekwa baridi kupita kiasi.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa dera. Mara ya kwanza nilibeba madera matatu, nikiamini kuwa hakuna vazi linalofaa joto kuliko hilo, na alasiri moja ya Julai nikavaa moja kwenda kuitazama Portara, lile lango kubwa la marumaru lililobaki kwenye hekalu la Apollo ambalo halikukamilika, nje kidogo ya bandari ya Naxos. Njia ya kulifikia ni ukanda mwembamba wa mawe na saruji uliopita baharini. Nilipofika katikati, meltemi ikaingia chini ya dera, likajaa kama tanga la jahazi. Mkono mmoja ukashika kofia, mwingine ukashika pindo, na wimbi lililopiga ukuta upande wa kaskazini likaninyeshea upande mzima wa kulia. Mama mmoja mzee wa Kigiriki aliyekuwa akirudi mjini alinitazama, akafungua mkoba wake, akanipa vibanio viwili vya nguo bila kusema neno. Nilibana pindo kati ya magoti, nikaenda mwendo wa bata hadi langoni. Tangu siku hiyo vibanio sita ni sehemu ya mzigo wangu, kwa sababu hata nguo zilizoanikwa kibarazani bila kubanwa hupatikana kwa jirani, na dera hubaki kwa ajili ya ndani na kwa visiwa vya Ionia.

Kitu ambacho sisi tunacho na wasafiri wengine hukinunua kwa bei kubwa ni kanga na kikoi. Beba kanga mbili. Moja itakuwa taulo la ufukweni, utajifunga kiunoni, itakuwa shuka kwenye meli ya usiku na pazia la dirisha jua linapowahi kuchomoza. Ya pili iwe safi kwa ajili ya nyumba za ibada. Katika monasteri za Waorthodoksi, kama ile ya Mtakatifu Yohana kisiwani Patmos, iliyoanzishwa mwaka 1088, au ile ya Hozoviotissa iliyobandikwa kwenye jabali la Amorgos, mabega na magoti hufunikwa, na nyingine humtaka mwanamke avae sketi badala ya suruali. Huko kanga ni kibali cha kuingia.

Anayesafiri Aprili, Mei mapema au mwishoni mwa Oktoba aongeze sweta la pili, soksi za kutosha na koti linalozuia maji. Wa Desemba hadi Februari afungashe kama anayekwenda mahali penye baridi ya wastani lakini nyumba zisizopashwa joto vizuri: fulana ya ndani, sufu, kofia ya kufunika masikio. Mwavuli aache, kwani upepo utaugeuza nje-ndani siku ya kwanza.

Hatua ya sita: Viatu

Jozi tatu zinatosha. Ya kwanza ni raba au viatu vya kufunga vyenye soli inayoshika, kwa sababu mawe ya miji ya kale na marumaru ya magofu yamesuguliwa na nyayo za karne nyingi hadi yanateleza hata yakiwa makavu. Ya pili ni ndala imara zenye kamba ya kisigino. Ya tatu ni viatu vya mpira vya kuingilia majini. Hizi za mwisho msizicheke: fukwe nyingi ni za kokoto na si mchanga, miamba huwa na wale wanyama wa miiba mirefu myeusi ambao wavuvi wa kwetu wanawajua vizuri, na mchanga mweusi wa volkano wa Perissa na Kamari, Santorini, saa saba mchana huunguza nyayo kama sufuria iliyotoka jikoni. Visigino virefu vibaki nyumbani.

Hatua ya saba: Jua, ukavu na dawa

Joto la pwani yetu hujitangaza kwa jasho. Joto la Aegean halifanyi hivyo, kwa sababu hewa kavu hukausha jasho kabla hujaliona, na upepo hukudanganya kwamba kumepoa wakati mwili unapoteza maji. Dalili ya kwanza huwa midomo kupasuka, ya pili kichwa kuuma. Kwa hiyo beba chupa ya maji ya lita moja, mafuta ya midomo, losheni ya mwili nzito kuliko unayotumia nyumbani, na miwani inayokumbatia uso ili vumbi lisiingie pembeni. Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Isiyo na kamba ni zawadi kwa bahari. Ngozi nyeusi haiungui upesi kama ya Mzungu, lakini huungua, na kukaa muda wa saa nane juu ya boti kutakuthibitishia. Krimu ya kinga ya kiwango cha 30 inatosha kwa wengi, na msafiri mwenye ualbino achukue ya 50, mikono mirefu, na asitegemee kupata kivuli. Kisiwa cha Delos, ambacho watu hukitembelea kwa boti kutoka Mykonos, ni magofu matupu chini ya jua, na upepo ukikaza boti hizo haziendi.

Siku za joto kali usipande vilima kati ya saa tano asubuhi na saa kumi na moja jioni, na usiende peke yako. Si onyo la desturi tu, maana Juni 2024 watalii kadhaa walifariki kwenye visiwa baada ya kutoka kutembea katika joto lililokaribia nyuzi 40. Kiangazi pia ni msimu wa moto wa nyika. Julai 2023 watu wapatao 19,000 waliondolewa haraka sehemu za Rhodes, wengine wakiwa na nguo za kuogelea tu, kwa hiyo pasipoti, dawa na fedha zikae pamoja katika mfuko mdogo unaoweza kunyakuliwa kwa sekunde moja. Simu isizimwe usiku, kwa kuwa tahadhari za dharura hutumwa moja kwa moja kwenye simu zote za eneo husika kwa mfumo wa namba 112, ambayo pia ndiyo namba ya kupiga.

Dawa za kila siku zibaki katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Ongeza za kichefuchefu cha baharini, ambazo humezwa kabla ya safari na si meli ikishaanza kulala ubavu, na kipande cha tangawizi kwa asiyependa vidonge.

Hatua ya nane: Vitu vidogo vinavyosahaulika

Umeme wa Ugiriki ni volti 230, unaokaribiana na wetu, lakini tundu ni la pini mbili za mviringo, hivyo chaja ya pini tatu za bapa inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania itahitaji adapta. Wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda kwa kawaida hawatapata taabu. Maji ya bomba katika visiwa vingi vikavu ni ya chumvichumvi au yamesafishwa kutoka baharini, na wenyeji wenyewe hununua ya chupa. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kuingizwa na abiria, kwa hiyo samli ya bibi na nyama kavu zisifungwe. Pilipili kavu na viungo vikavu kidogo vya matumizi yako havina shida, na kwa mtu anayekaa wiki mbili akila nyanya, jibini na samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, pakiti ndogo ya bizari humrudishia moyo.

Hatua ya tisa: Siku ya kuvuka bahari

Siku tatu kabla ya kila safari ya meli, anza kutazama utabiri wa upepo, na siku moja kabla piga simu kwa wakala aliyekuuzia tiketi au ofisi ya bandari. Ukipewa uchaguzi kati ya boti iendayo kasi na meli kubwa ya kawaida katika Julai au Agosti, chukua meli kubwa: itachelewa saa mbili au tatu, lakini ina uzito, ina sitaha ya kukaa nje, na huzuiwa mwisho. Kaa katikati ya meli, chini, ukitazama upeo wa bahari. Begi kubwa likiwekwa kwenye rafu za chini zenye majina ya visiwa, hakikisha umeliweka chini ya jina la kisiwa chako, na kwenye mfuko wa mkononi uwe na koti la upepo, kanga, maji, dawa, chaja na hati.

La muhimu kuliko yote katika hatua hii ni kutopanga meli na ndege ya kurudi siku moja. Lala usiku wa mwisho Athens, au kwenye bandari yake ya Piraeus ambako meli nyingi hufikia, na katika miezi ya meltemi rudi bara siku mbili kabla. Meli ikizuiwa, una haki ya kubadilishiwa safari au kurudishiwa nauli, lakini ndege iliyokwisha kuruka haitakungoja. Mwambie mwenye nyumba mapema kwamba huenda ukahitaji chumba usiku mmoja zaidi. Wao wamezoea, watakutazama, watatoka kibarazani, watageuza uso kaskazini kidogo, na mara nyingi watakupa jibu kabla ya ofisi ya bandari.